Tufe la kioo la babu: lilikuwa na maana gani, na je, ni la 1848 kweli?

"Shikamoo. Babu yangu mzaa mama alikuwa karani katika shamba la katani karibu na Tanga. Meneja wake, Mwingereza, alipoondoka mwaka 1967 alimwachia tufe la kioo lililokuwa juu ya meza yake ya ofisini. Ni zito, bapa kwa chini, ukubwa wake kama chungwa, na ndani yake kuna miduara ya vijiua vyekundu, vyeupe na vya bluu. Katika mduara mmoja kuna tarakimu 1848. Bibi alikuwa akilifunika kwa kitambaa na kutukataza tusilichungulie. Mjomba anasema ni kioo cha kupigia ramli. Binamu yangu ameona mtandaoni vioo vya namna hii vikiuzwa kwa maelfu ya dola, na tayari ameshapata dalali anayetoa shilingi milioni mbili. Mama hataki liuzwe. Mimi nimelisafisha na kuliweka dirishani lipate mwanga, maana linapendeza sana. Nataka kujua: watu waliokuwa na vitu hivi walivipenda kwa nini? Vilikuwa na maana gani kwao? Na letu ni la kale kweli?"

Marahaba, mwanangu. Kabla hujasoma zaidi, nenda ukalitoe dirishani. Mgongo wa tufe hilo ni lenzi. Jua likilipiga, miale inakusanyika upande wa pili na kuwa nukta moja ya moto, kama watoto wanavyounguza karatasi kwa kioo cha kukuzia. Zimamoto wa Ulaya wamekuta zaidi ya mara moja pazia au meza iliyoungua kwa sababu ya tufe kama hilo, na jua la Tanga nalo ni kali. Liweke rafuni, mahali ambapo jua halifiki asubuhi wala jioni.

Sasa tuzungumze. Umeuliza maswali matatu, lakini nadhani linalokusumbua ni moja: mama yako anakataa kuachia kitu ambacho hakuna mtu nyumbani anayeweza kueleza ni kitu gani. Nitaanza na kile ambacho siyo.

Mjomba simlaumu. Ukilisogezea jicho, maua yanavimba, ukirudi nyuma, yanasinyaa, ukiligeuza, yanakimbia. Na ni kweli kwamba Ulaya walikuwepo watabiri waliodai kuona mambo ndani ya tufe. Lakini tufe la watabiri ni kioo kitupu, hakina kitu ndani, na ni la duara kamili, bila kigoda linabingirika. La kwenu ni bapa chini kwa sababu lilitengenezwa likae juu ya karatasi. Kinachosogea ndani ni mwanga unaopindishwa na mviringo wa kioo, basi. Na bibi yako, kwa sababu yoyote ile aliyokuwa nayo moyoni, alilitunza kuliko wengi wanaojiita wakusanyaji: kitambaa chake kimelikinga na jua, vumbi na mikwaruzo miaka yote hiyo. Kirudishe.

Jina lake la ofisini ni pepaweti, yaani kitu kizito cha kukandamizia karatasi zisipeperuke. Kazi hiyo hata kokoto inaiweza. Kwa nini basi mafundi hodari walitoa siku zao, na watu wakatoa fedha zao, kwa kazi ambayo kokoto ingeifanya bure?

Mwaka 1845, katika maonyesho ya viwanda ya Austria mjini Vienna, mtengenezaji wa kioo kutoka Venice aliyeitwa Pietro Bigaglia alionyesha matufe yaliyosheheni vipande vya fito za kioo za rangi. Mkemia Mfaransa, Eugène Péligot, aliyekwenda kuyatazama maonyesho hayo, aliyataja katika ripoti yake. Viwanda vya Ufaransa havikuchelewa. Saint-Louis wana matufe yenye tarehe ya mwaka uleule wa 1845, Baccarat wana ya 1846, na Clichy, pembezoni mwa Paris, wakaingia kwenye mbio hizo na kufika na matufe yao London katika yale maonyesho makubwa ya 1851. Viwanda hivyo vitatu ndivyo vilivyotoa kazi ambazo hadi leo watu huzisaka, na sehemu kubwa ya kazi hizo ilitoka ndani ya miaka 15 tu, mpaka karibu 1860.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna jambo linalotugusa. Ufundi wa fito hizo ndio ufundi wa ushanga, na Bigaglia mwenyewe alitoka katika biashara ya ushanga wa Murano. Shanga za Venice zilivuka bahari hadi Unguja, na kutoka hapo zikabebwa na wapagazi mpaka Tabora na Ujiji. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyeifuata njia hiyo kuanzia 1857, aliorodhesha aina zake kwa majina ya Kiswahili. Zile nyekundu zenye kiini cheupe ziliitwa samesame, na katika lakabu zake mlikuwamo moja yenye maana ya kimaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa mlo wake ili azipate, na nyingine yenye maana ya kivunja miji, kwa jinsi wanawake walivyozipenda. Kwa hiyo kioo cha rangi cha Venice kilishafika shingoni mwa bibi zetu miaka mingi kabla pepaweti haijafika mezani kwa meneja wa katani. Ukilitazama tena tufe lenu, tazama ukijua hivyo.

Ufito hutengenezwa hivi. Fundi huchota donge la kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya fimbo ya chuma, hulikandamiza ndani ya kalibu yenye umbo la nyota au ua, hulichovya katika kioo cha rangi nyingine, hulikandamiza tena katika kalibu pana zaidi, na kuendelea hivyo mpaka donge linakuwa nene lenye matabaka ya rangi. Kisha mwenzake hulishika upande wa pili kwa fimbo yake, na wawili hao huachana wakitembea kinyumenyume. Kioo huvutika kama gubiti, kikawa ufito mrefu sana, mwembamba kama penseli, na ua lililokuwa ndani ya donge halipotei wala haliharibiki, linapungua tu ukubwa. Ukishapoa hukatwa kama unavyokata ndizi mbivu: kila kipande kina umbo lilelile katikati. Vipande hivyo hupangwa kimoja kimoja kwa koleo ndogo, hupashwa moto, kisha donge la kioo angavu hushushwa juu yake na kuvinyanyua vyote kwa pamoja. Juu yake huongezwa kioo kingine mpaka linapatikana kuba. Waitaliano waliuita ufundi huo millefiori, maua elfu.

Halafu inakuja subira. Tufe lazima lipoe polepole sana ndani ya tanuri la kupozea, kwa sababu nje ikiganda kabla ya ndani, kioo kinabaki kikivutana chenyewe kwa chenyewe, na siku moja kinapasuka bila kuguswa na mtu. Ndiyo maana nakusihi usilioshe kwa maji ya moto. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kitambaa cha pamba, na chini weka taulo lisije likateleza.

Tuje kwenye maana. Mei 1840 Uingereza ilitoa stempu ya kwanza duniani, na barua ya kawaida ikaweza kwenda popote nchini kwa peni moja. Ufaransa ikatoa stempu yake ya kwanza Januari 1849. Wakati huohuo karatasi ilikuwa inatoka mashinini badala ya kutengenezwa ukurasa mmoja mmoja kwa mkono, na bei yake ikashuka. Mke wa mfanyabiashara, mwalimu, binti aliyeolewa mji wa mbali, wote wakaanza kuandikiana mara kwa mara. Meza ya kuandikia ikawa kitu cha nyumbani, pamoja na kidau cha wino, lakiri, kisu cha kufungulia bahasha na kitu cha kuzuia karatasi. Matufe haya yaliuzwa katika maduka ya karatasi na kalamu. Hayakuwa hazina za wafalme. Mengi yalikuwa zawadi ambayo mtu wa kipato cha kati angeweza kuimudu. Huu ndio upotofu wa kwanza wa binamu yako: anadhani kitu kinachopendwa leo lazima kilikuwa cha matajiri tangu mwanzo.

Na kwa kuwa kilikuwa zawadi, kilisema. Katika matufe ya Baccarat yenye ua moja kubwa, ua linaloonekana mara nyingi kuliko yote ni lile la petali mbili za zambarau juu na tatu chini zenye umanjano, ambalo Wafaransa huliita pensée. Neno hilohilo kwa lugha yao ndilo "wazo". Ukimpa mtu tufe lenye ua hilo umemwambia: uniwaze. Naye kila anapokaa kuandika barua, lile ua linamtazama kutoka juu ya karatasi zake, na pengine barua inayofuata inakuja kwako. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mwanamke anayechagua kanga kwa ajili ya jina lake, si kwa rangi tu, anajua kwamba nguo ina mdomo. Anajua pia kwamba anayepaswa kusikia atasikia, na wengine wataona maua tu.

Fikiria pia baridi yao. Nusu ya mwaka bustani ni matope na matawi makavu, na nyumba nyingi za mjini hazina ua hata moja. Ua lililofungwa ndani ya kioo halinyauki wala halikauki. Watu wa wakati ule walifunika kwa vifuniko vya kioo vyenye umbo la kengele maua ya nta, ndege waliokaushwa, hata nywele za marehemu wao. Walikuwa watu waliozika watoto wengi, na kitu kisichoweza kuguswa na uozo kiliwatuliza kwa namna ambayo mimi, nikiyashika matufe haya, bado naihisi.

Katika matufe ya Baccarat kuna vipande vyenye vivuli vya wanyama: jogoo, mbwa, farasi, nyani, tembo. Vilitokana na mchezo wa mtoto. Emile Gridel, mwenye umri wa miaka 9, alikuwa akikata karatasi kwa mkasi kupata maumbo ya wanyama; mjomba wake, Jean-Baptiste Toussaint, ndiye aliyekuwa mkuu wa kiwanda, akayaona, akaagiza yageuzwe kalibu. Mtoto alikuwa anacheza, na karatasi zake hizo zimebaki ndani ya kioo mpaka leo. Sijui pepaweti nyingine inayonigusa kuliko hizo.

Yalikuwa pia ya kujionyesha, nisikufiche. Kama vile vyombo vya Kichina katika zidaka za nyumba za Lamu vilivyomwambia mgeni kwamba mwenye nyumba anafahamiana na bahari, tufe juu ya meza ya sebuleni lilimwambia mgeni kwamba hapa watu wanasoma, wanaandika, wana ndugu na marafiki wa mbali. Mafundi waliolitengeneza kwa kawaida hawakuacha majina yao. Lakini wao wenyewe walijua wamefanya nini: kanisa la mji wa Baccarat lilipobomolewa na mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1951 ndani ya jiwe lake la msingi lilikutwa tufe la maua elfu lenye tarehe 1853. Mji wa mafundi wa kioo, ulipotaka kuacha kitu chini ya kanisa lake, uliacha pepaweti.

Baada ya 1860 hivi mtindo ukapita, na mengi yakaishia kabatini au mikononi mwa watoto. Yaliyoyafufua ni mapenzi ya wakusanyaji wa karne ya 20, na hapo maana ikageuka: kilichokuwa zawadi kikawa hazina. Mwandishi Mfaransa Colette alikuwa nayo mengi chumbani kwake Paris, naye ndiye aliyempa Truman Capote, mwandishi Mmarekani, kijana wakati huo, tufe lake la kwanza la Baccarat, lenye waridi jeupe. Mfalme Farouk wa Misri aliyakusanya pamoja na sarafu na stempu. Alipopinduliwa mwaka 1952, serikali mpya iliyauza mnadani mjini Cairo mwaka 1954. Na mwaka 1990 tufe la Clichy lenye umbo la kikapu cha maua liliuzwa New York kwa zaidi ya dola 250,000. Habari za namna hiyo ndizo zinazowapandisha watu presha. Ni za kweli, lakini ni za kikapu kimoja.

Sasa la kwenu. Tarakimu 1848 ndizo zinazowafanya muamini ni la kale, nami ndizo zinazonitia shaka. Tarehe ndani ya kioo ni kipande cha ufito kama vingine. Fundi wa mwaka wowote anaweza kukitengeneza. Tarehe za Baccarat kwa kawaida huwa na herufi B juu ya tarakimu, za Saint-Louis huenda na SL, na Clichy hawakuweka tarehe. Wewe hukutaja herufi yoyote. Uingereza kuna kundi zima la matufe na vidau vya wino vya miduara ya vijiua yenye 1848, ambavyo kwa miaka mingi vilisemwa ni vya kiwanda cha Whitefriars cha London. Leo wachunguzi wanaviona kuwa kazi ya karne ya 20, na wanaelekeza kidole Birmingham. Meneja Mwingereza, miduara ya rangi tatu, 1848 bila herufi: nikilazimishwa kubahatisha nikiwa mbali hivi, nitasema lenu ni la huko, na halikuwa na umri mkubwa kuliko babu yako.

Hilo ni bahatisho, na linaweza kupinduliwa na jicho likiliona. Usiamini viputo: vimo katika ya kale na katika yaliyotengenezwa juzi. Usiamini uzito peke yake, ingawa husaidia, kwa kuwa kioo chenye madini ya risasi ni kizito na matufe mengi ya Kichina ya miaka ya 1930, yaliyoiga ya Kifaransa, ni mepesi, yana umanjano au ukijani, na yakishikwa huteleza kama yamepakwa mafuta. Tazama zaidi chini. Tufe lililokaa mezani miongo mingi lina mduara wa mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande, kwa sababu limesogezwa kila upande. Mikwaruzo ikiwa imelala sambamba, mtu amelisugua kwa msasa ili lionekane limezeeka. Tazama pia kama pana kovu la mahali lilipokatwa kwenye fimbo ya chuma, au kama limesuguliwa likawa laini na kuingia ndani kidogo.

Kuhusu dalali: milioni mbili huenda ni bei nzuri, huenda ni dhuluma, bila kujua ni la nani, wewe na yeye mnacheza bahati nasibu, ila yeye huenda ameshaona karata zako. Kama ni la Birmingham, sitarajii bei itakayobadili maisha ya mtu nyumbani kwenu. Kama ni la Baccarat la 1848 kweli, itakuwa ni kosa kuliachia kabla nyumba ya mnada yenye idara ya kioo haijaliona. Nyumba hizo hupokea picha na kutoa makadirio ya awali, mara nyingi bila malipo. Asiwepo mtu wa kuwaharakisha. Na mama yako, ambaye hataki liuzwe, hahitaji hoja ya bei. Mwaka 1967 ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha na wa kutaifishwa kwa mashamba mengi ya katani; mtu anafunga virago, anatazama meza yake, na kitu kilichokuwa juu ya karatasi ambazo babu yako alizipanga kila siku anamwachia aliyezipanga. Katika ofisi yenye madirisha wazi na pangaboi, tufe hilo lilifanya kazi ngumu kuliko tufe lolote lililowahi kukaa sebuleni Paris. Muulize mama kama babu aliwahi kusimulia maneno aliyoambiwa siku ile, uyaandike, na karatasi hiyo ikae pamoja na tufe. Anayetathmini vitu vya kale huiuliza kabla hajauliza lolote.

Ukiona mstari wa ufa unaong'aa ndani ya kioo, hasa unaoanzia chini, usilioshe tena wala usilisafirishe. Mpelekee picha mhifadhi wa makumbusho kwanza. Kama kuna mikwaruzo juu, usikubali mtu alisugue "ling'ae": kila usuguaji unapunguza kuba, kuba likipungua lenzi inabadilika, na maua yatakaa vibaya milele. Makovu madogo ya pembeni yaacheni kama yalivyo.

Ili nikujibu bila kubahatisha nahitaji picha nne zilizopigwa kivulini mchana, bila taa ya simu: kutoka juu, kutoka ubavuni, tarakimu kwa karibu, na chini. Weka rula kando yake na lipime uzito kwenye mizani ya jikoni. Kama picha zote nne haziwezekani, anza na ya chini.